Kiwanja Changu ni Meza ya Mgiriki

Sina ugomvi na mraba. Mraba ni muungwana: pande nne sawa, kona nne sawa, umgeuze huku umgeuze kule anabaki yule yule. Jina lake tulilitoa kwa Waarabu, kwenye nne yao, tukalifanyisha kazi mpaka likazaa. Leo kuna kitambaa cha miraba, na kuna jitu la miraba minne ambalo ukikutana nalo kichochoroni usiku unatangulia wewe kusalimia. Mstatili naye sina neno naye. Katoka huko huko Arabuni, maana yake kilichorefushwa, na kweli karefushwa. Pia, ile ya kwenye hesabu yenye ncha juu na kitako cha mviringo, ni pia ile ile tuliyoizungusha kwa kamba utotoni, na mtoto hahitaji kuelezwa mara mbili. Mche ndio usiseme. Nina hakika aliyelipa umbo lile jina alikuwa na mche wa sabuni mkononi, na hapo hakukosea hata kidogo, kwa sababu Wagiriki nao waliliita prisma, yaani kitu kilichokatwa kwa msumeno. Mangi wa dukani kwetu anapoukata mche vipande vipande vya kuuza rejareja, anatafsiri Kigiriki bila kujua na bila kulipwa.

Ugomvi wangu mimi ni na trapeza.

Kwa waliosahau darasa la sita: trapeza ni pembenne yenye pande mbili zilizo sambamba, na mbili nyingine zinazojiendea zinavyotaka. Nilikuwa nimeisahau na mimi, tena kwa raha zangu, mpaka niliponunua kiwanja.

Kiwanja kiko upande wa Mkuranga, lami ikiisha unaendelea. Dalali aliyeniuzia ni mtu wa miraba minne hasa, shingo hana, na nadhani ndiyo maana nilimwamini alipozungumzia kona. "Ishirini kwa ishirini, mzee wangu. Kimenyooka." Akapiga hatua mbele yangu, hatua ndefu ndefu, akihesabu kwa sauti. Mbele ishirini. Ubavuni ishirini. Ilipofika zamu ya upande wa nyuma simu yake ikaita, tukazungumza habari za maji, tukazungumza habari za umeme, tukajikuta kwenye kivuli cha mkorosho wa jirani tunaandikishana.

Baadaye nikaleta mpimaji. Kijana mpole, mashine yake ya miguu mitatu, mwavuli wake, mwanafunzi wake wa kushika fimbo. Akapima, akaandika, akapima tena. Mwisho akanivuta pembeni na kusema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu: "Mzee, kiwanja chako ni trapeza."

Mbele mita 20, kweli. Upande wa kushoto mita 20, kweli. Nyuma mita 16. Upande wa kulia mpaka unaanza vizuri barabarani, halafu unaanza kuukwepa mkorosho taratibu, kwa adabu, mpaka unafika nyuma ukiwa umeingia ndani mita nne. Hesabu yake ni ile ile tuliyochapiwa viboko: jumlisha pande mbili zilizo sambamba, chukua nusu, zidisha kwa kimo. Ishirini na kumi na sita ni 36, nusu yake 18, mara 20 ni 360. Nililipia skwea mita 400. Arobaini anazo mkorosho.

Nikafanya kosa wanalofanya watu wazima wengi siku hizi, nikapiga picha ramani ile na kuitupia kwenye kundi la familia. Nilitaka pole tu. Familia yetu, kama familia nyingi za mwambao, imetawanyika. Ukitaka kufanya kikao lazima kwanza ujue nani amelala na nani anaamka. Wa kwanza kujibu alikuwa mtoto wa dada yangu aliyeko Leicester: "Shikamoo mjomba, pole sana. Kumbe hiyo ni trapezium." Kabla sijaitikia marahaba, akaingia binti wa kaka yangu aliyeko Ohio: "Baba mdogo pole. Ila kaka usimpotoshe baba mdogo. Trapezium ni ile ambayo haina pande sambamba hata moja. Hiyo ni trapezoid." Wa Leicester akajibu kwamba ni kinyume chake: trapezoid ndiyo isiyo na pande sambamba, na kama Wamarekani wanataka kuandika tarehe mwezi ukiwa mbele ni shauri lao. Kaka yangu wa Maskati, ambaye maneno kwake ni mali, akaandika "shibhu munharif" akaweka nukta. Hakuna aliyeuliza habari za mita zangu nne.

Basi kwa hasira nikaanza kulifukua jina hili, nione limetoka wapi na nani wa kulaumiwa. Nililolikuta limeniongezea presha.

Trapeza ni meza. Ndiyo hivyo. Neno la Kigiriki, meza ya kawaida ya kulia chakula, na trapezion ni kijimeza. Ukilipasua ndani utakuta nne na mguu: kitu cha miguu minne. Wanafunzi wetu wamekariri eneo la meza miaka yote hii na hakuna aliyewanong'oneza. Na sisi meza tunayo! Tuliichukua kwa Wareno tangu enzi za akina Vasco da Gama, tukaifanya yetu, tumekula juu yake, tumelalia, tumeigonga tukidai haki zetu bungeni. Sasa tumekwenda kukopa meza ya pili kwa Mgiriki, na hii ya pili haikaliki.

Tena huyo Mgiriki mwenyewe hakuwa makini na miguu yake. Meza nyingi walizokuwa wakilia Wagiriki wa kale zilikuwa na miguu mitatu: miwili upande huu, mmoja upande ule, iwe rahisi kutulia kwenye sakafu ya mabonde. Wakaendelea kuiita ya miguu minne bila haya. Na tabia hiyo si ya juzi. Kuna mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Pylos, kusini mwa Ugiriki, yaliyookwa na moto ulioteketeza kasri la mfalme yapata miaka 1200 kabla ya Kristo. Maandishi yake yalikaa bila kusomeka mpaka mwaka 1952, alipoyafumbua Michael Ventris, Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa kusanifu majengo, wala si ualimu wa Kigiriki. Na walipoyasoma wakategemea nini? Vita? Mashairi? Ni daftari la stoo. Karani wa mfalme anaorodhesha samani, na humo mna to-pe-za, meza, na mojawapo ameiandikia kwamba ni ya miguu tisa. Kitu-cha-miguu-minne chenye miguu tisa. Karani yule ningemfahamu popote. Nimekutana naye kwenye madirisha mengi ya ofisi, na mafaili yangu anayo bado.

Kuna zaidi. Wabadili fedha wa Athene walikaa sokoni kila mmoja na meza yake, kwa hiyo benki nayo ikaitwa trapeza. Zile meza ambazo Yesu alizipindua hekaluni, kwenye Injili ya Kigiriki ni hizo hizo, trapeza. Na hadi leo ukishuka Athene ukaona jengo kubwa lenye mlinzi limeandikwa trapeza mlangoni, usiingie na rula, ingia na kitambulisho. Hiyo ni benki. Nikafikiria kiwanja changu, nikamfikiria dalali, nikaona kweli ilikuwa benki, ila akaunti haikuwa yangu.

Hayo ya meza tungeyasamehe. Yasiyosameheka ni ya ndugu zangu wa Leicester na Ohio, maana wanaonekana hawana akili kumbe walirithishwa ugomvi.

Wa kwanza kulaumiwa ni Euclid. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo alikaa kuandika vitabu vyake vya jometri, na kwenye kitabu cha kwanza akazipanga pembenne. Akautaja mraba, akautaja mstatili, akaitaja ile ya pande sawa iliyolala upande, akaitaja ndugu yake ndefu. Halafu akachoka. Zilizobaki zote, akasema, ziiteni trapezia. Zote! Yenye pande sambamba, isiyo na pande sambamba, iliyopinda, iliyokunjamana, yote vijimeza. Mtu aliyethibitisha mambo magumu kwa hatua zisizo na doa, akifika kwenye umbo la kiwanja changu anasema "na mengineyo". Kwenye orodha ya mahari yule mjomba anayeandika "na mengineyo" huwa tunamrudisha akaandike upya.

Akaja Proclus, karne ya tano baada ya Kristo, mkuu wa shule ya wafuasi wa Plato pale Athene, akajaribu kusafisha. Akasema jamani, tuzitenganishe. Yenye pande mbili sambamba iwe trapezion, kijimeza. Isiyo na hata moja iwe trapezoeides, yaani kinachofanana na kijimeza. Safi kabisa. Mambo yangeishia hapo mimi ningekuwa nimelala.

Yakakaa hivyo zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, mpaka akatokea Charles Hutton. Nataka nimtendee haki Hutton, kwa sababu maisha yake yanapendeza. Alizaliwa Newcastle mwaka 1737, akiwa kijana aliwahi kushika sururu mgodini akichimba makaa ya mawe, akajisomea mwenyewe mpaka akawa profesa wa hesabu kwenye chuo cha kijeshi cha Woolwich. Wapimaji walipokwenda kwenye mlima mmoja wa Uskoti uitwao Schiehallion ili kujua dunia ina uzito gani, hesabu zote akaachiwa yeye, na katika kuzihangaikia akachora ile mistari ya kuonyesha mwinuko ambayo leo haikosekani kwenye ramani. Mtu huyo aliupima uzito wa dunia na hakuachana sana na ukweli. Kisha mwaka 1795 akatoa kamusi yake ya hisabati na falsafa, akafika herufi ya T, akageuza. Yenye pande sambamba akaiita trapezoid, isiyo nazo akaiita trapezium. Kinyume chake kabisa. Dunia nzima aliiweka sawa kwenye mizani, meza ikamshinda.

Na kamusi ikipendwa, kosa lake linapendwa nayo. Waingereza wakamfuata, Wamarekani wakawafuata Waingereza. Karne ya 19 ikielekea ukingoni Waingereza wakashtuka, wakarudi kimya kimya kwa Proclus, bila kumwambia mtu wa ng'ambo. Wamarekani wakabaki na Hutton. Ndiyo maana leo watoto wawili wa nyumba moja, waliolishwa uji kwenye sufuria moja, wanatukanana kwenye simu yangu saa saba usiku, na kila mmoja ana kitabu cha shule cha kumtetea. Nimewaambia kwamba wote wanayo yote mawili mikononi mwao, kwa maana halisi: kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kuna mfupa madaktari wanauita trapezium, na wa jirani yake, umegusana nao, unaitwa trapezoid. Mifupa hiyo imekaa pamoja bila kugombana tangu Adamu. Hawakunijibu, walikuwa wanatafuta picha za mifupa.

Kaka yangu wa Maskati naye nikamgeukia. Munharif! Waarabu walimtafsiri Euclid mapema, Baghdad, enzi za Harun al-Rashid na mwanawe al-Ma'mun. Walipofika kwenye vile vijimeza, meza hawakuiona. Waliona kitu kilichoacha njia. Munharif ni aliyekengeuka, na shibhu ni lile lile tunalosema fulani anashabihiana na fulani. Kwa hiyo kiwanja changu kwa Kiarabu ni mfano wa mkengeufu. Kaka akanitumia sauti ya dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea, akieleza kwamba asili ya neno ni ukingo, na kwamba hata herufi zetu za kuandikia zimetoka kwenye shina hilo hilo. Nikamjibu kwamba nashukuru, ila nilichokuwa nakitafuta ni mtu wa kunisaidia kumpata dalali.

Waturuki ndio walionichekesha. Wao hawana shibhu wala hawana kijimeza. Umbo hili wanaliita yamuk, yaani kombo. Basi. Kiwanja ni nini? Kombo. Na kinachonifurahisha ni kwamba Waturuki ndio wanaoimiliki Trabzon, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, ambao Wagiriki waliuita Trapezus kwa sababu ya kilima chake kilicho bapa juu mfano wa meza. Askari wa Kigiriki wa Xenophon walipofika hapo mwaka 400 kabla ya Kristo, wakitokea vitani Uajemi hoi bin taabani, walikuwa wamefika Mezani. Waturuki mji wa meza wanao, meza wanaitazama kila siku, na umbo bado wanaliita kombo. Hao ni watu wanaojua kutenganisha mambo.

Mashariki ya mbali wameona kitu kingine kabisa, na hapa, kwa kinywa changu, nasema wao ndio waliotazama vizuri. Mchina anasema tixing, umbo la ngazi. Mkorea anasema ngazi kwa neno lake mwenyewe. Mvietinamu naye, ngazi. Wanamaanisha ngazi ya kuegesha, pana chini na nyembamba juu, ile ya kuchumia maembe, iliyoundwa hivyo ili isikubwage. Ukiitazama ngazi hiyo huwezi kuisahau trapeza milele: vidato ni pande sambamba, na miti yake miwili ndiyo inayokaribiana. Mjapani alikuwa na ngazi hiyo hiyo, kisha akaiacha akachukua jina lenye maana ya kistuli au jukwaa la kuwekea kitu. Karibu arudi kwenye meza ya Mgiriki kwa njia ya mzunguko. Yeye simlaumu, angalau alihama akiwa anatazama.

Kwani sisi hatukutazama? Hapo ndipo ninapoumia. Watu walioona mche wa sabuni, watu walioona pia, watu waliosema pembe ni pembe kwa sababu wamemwona ng'ombe, walipofika kwenye umbo hili wakafumba macho wakaokota neno lililopita njiani, wakalitia irabu, wakalipeleka darasa la sita. Nililiuliza kundi: ingekuwa ni wewe ungeliitaje?

Mama mkubwa, aliyeko Tanga na anayetumia sauti tu kwa sababu anasema maandishi hayana adabu, alisema tanga. Tanga la jahazi. Vijana wakamrukia kwa heshima: mama mkubwa, tanga la jahazi ni pembetatu. Akawauliza ni nani kati yao amewahi kuweka mguu kwenye jahazi. Kimya. Akaeleza, na mimi niliyekua nikishinda ufukweni namtolea ushahidi: tanga la jahazi linaonekana pembetatu kwa mtu aliyesimama mbali au aliyenunua picha yake kwa mtalii. Karibia ulione. Upande wa juu umefungwa kwenye foromali, upande wa chini, upande mrefu wa nyuma, na mbele kabisa, pale ambapo pembetatu ingekuwa na ncha, ncha imekatwa na kuna upande mfupi wa nne, wima, mtu anaweza kuupima kwa mikono. Pande nne. Hakuna mbili zilizo sambamba. Basi binti wa Ohio akafurahi akasema hiyo ndiyo trapezium, na wa Leicester akafurahi akasema hiyo ndiyo trapezoid, na kila mmoja akamshukuru mama mkubwa kwa kumuunga mkono.

Pendekezo langu lilikuwa karai. Mtazame saidia fundi aliyebeba zege. Karai lake ukilitazama kwa ubavu ni trapeza kamili iliyopinduliwa, mdomo mpana na kitako chembamba, na hata ule utaratibu wa kitako na kimo tayari tunao kwenye vitabu. "Tafuta eneo la karai." Mtoto angecheka, lakini angelichora. Karai lilipata kura yangu tu. Kaka wa Maskati alisema karai ni la mviringo ukilitazama kwa juu, na mimi nikamuuliza ni nani amemtuma atazame kwa juu.

Nilikuwa karibu kuyaacha haya mambo, ila fundi wa ukuta amenirudisha. Fundi huyu hajui trapeza, hajui trapezium, na ukimtajia Proclus atadhani ni aina ya saruji. Alikuja na kamba, vigingi, futi kamba na pima maji. Akaanza kona ya kushoto mbele: akapima futi tatu huku, futi nne kule, akalaza futi kwenye mshazari ikasoma tano, akasema hii ni skwea. Ya kushoto nyuma, skwea. Akaenda kulia. Akapima, akakuna kichwa, akainama akaangalia kamba kwa jicho moja, akasema: "Mzee, huku kimeenda kombo." Mturuki mtupu.

Nikamwuliza inabadilisha nini. Akanihesabia. Ukuta wa kushoto, ulionyooka, ni mita 20. Ukuta wa kulia, kwa kuwa umelala, ni mita 20 na sentimita 40, kwa sababu kitu kinachokwenda upande kinasafiri zaidi ya kinachokwenda moja kwa moja. Hayo ya Pythagoras aliyajua kichwani bila kumtaja. Sentimita 40 ni karibu tofali zima la ziada kwa kila kozi, na ukuta una kozi kumi. Juu ya hapo kona mbili za kulia haziko skwea, moja imejifungua na nyingine imejibana, kwa hiyo tofali za kona lazima zikatwe, na tofali likikatwa kipande kimoja kinatupwa, na kinachotupwa kinalipiwa, na anayekata analipiwa. Nimenyang'anywa ardhi upande ule ule ninaotakiwa kujengea ukuta mrefu zaidi. Jirani mwenye mkorosho alikuwa amesimama anatusikiliza. Akaniambia kwa upole kwamba mpaka ukishajengwa nimwachie nafasi ya kupita, msimu wa korosho unakaribia.

Nikaandika bili yote ya fundi, nikaitupia kwenye kundi, na chini yake nikaweka namba yangu ya simu ya kupokelea, kwa yeyote atakayeguswa.

Wa Leicester akauliza kama msambamba nao si trapezium, maana nao una pande mbili sambamba, tena una nne. Wa Ohio akasema inategemea kitabu: kuna wanaosema mbili tu, kuna wanaosema angalau mbili. Wa Leicester akasema kama ni angalau mbili basi hata mraba ni trapezium. Wa Ohio akasema hata mraba ni trapezoid. Kaka wa Maskati akaandika "kila kitu ni munharif" akaweka nukta. Mama mkubwa akatuma sauti akiuliza kiwanja kiko wapi, maana kila mtu anakizungumzia na hakuna aliyemwambia kwamba nimenunua. Ujumbe zaidi ya mia kabla ya adhuhuri.

Kuhusu mchango wa ukuta, kundi limekuwa kimya tangu Jumapili.